Usawa Unapofika Masjala

Kila mwaka Jeshi la Kujenga Taifa, lenye makao makuu Chamwino hapa Dodoma, hutoa tangazo kwa vijana waliohitimu kidato cha sita. Tangazo hutaja bukta ya bluu iliyokolea inayofunika magoti, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, nauli ya kwenda na kurudi. Kisha huwamo sentensi moja fupi: wahitimu wenye ulemavu unaoonekana waripoti kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, kwa kuwa huko ndiko kuna miundombinu ya kuwahudumia.

Sentensi hiyo ni hatua, maana kuna jeshi ambalo lingewaambia wabaki nyumbani tu. Lakini ifuate barabarani. Kijana wa Kondoa anayetumia kiti cha magurudumu anaipita Makutupora, kambi ya JKT iliyo kwenye barabara hiyohiyo ya kwao, anavuka Morogoro, ndipo afike alikopangiwa. Sera imemkubali. Njia na choo cha kambi ya jirani bado havijamkubali, na sera haina miguu yake yenyewe.

Nimetanguliza hilo kwa sababu ninalotaka kulizungumza ni zito zaidi: askari wanaopenda watu wa jinsia yao. Kwetu hakuna sera yoyote inayowataja. Kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, ambacho tangu marekebisho ya 1998 kinatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Najua pia kwamba wasomaji wengi, wa msikitini na wa kanisani, wanaliona jambo hili kuwa dhambi, na sitegemei makala moja iwabadilishe. Ninachowaomba ni kutazama yaliyotokea kwa wenzetu walioamua vingine.

Na wenzetu hao hawako mbali. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda Brigedi Maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, kamanda wake akiwa Jenerali wetu James Mwakibolwa. Vikosi vilitoka Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Wanajeshi wetu walipigana na waasi wa M23 bega kwa bega na jeshi la Afrika Kusini, ambalo kwa katiba ya nchi yake halina ruhusa ya kumbagua askari kwa sababu ya anayempenda. Sijawahi kusikia kwamba ushindi wa Novemba mwaka ule ulipungua kwa hilo.

Jeshi hilohilo lilikuwa na historia ya kutisha. Enzi za ubaguzi wa rangi, vijana walioandikishwa kwa lazima na kushukiwa walipelekwa wodi za magonjwa ya akili za kijeshi, na baadhi yao walipigwa shoti za umeme eti watibiwe. Katiba ya 1996 ikafunga ukurasa huo kwa maandishi. Kwa vitendo, kazi ndiyo kwanza ilianza. Hata nje ya jeshi, kapteni mmoja wa polisi wa nchi hiyo, Jolande Langemaat, alitaka kumwandikisha mwenzi wake wa kike kwenye mfuko wa bima ya afya wa polisi. Walikuwa wameishi pamoja kwa miaka mingi. Mfuko ulikataa, kwa kuwa kanuni zake hazikumtambua mtu wa namna hiyo kuwa mtegemezi. Ilibidi aende Mahakama Kuu Pretoria, na mwaka 1998 akashinda. Ona ilipokwama katiba nzima: kwenye fomu, kwenye nafasi ya kujaza jina la mtegemezi. Ndiyo maana nikisikia nchi imepitisha sera ya usawa jeshini, huuliza kwanza masjala wanasemaje, bima inasemaje, na malalamiko yanapokewa na nani.

Uingereza nao walikuwa na hoja zao za kuwazuia, mojawapo ikiwa kwamba askari wa aina hiyo ni rahisi kutishiwa na adui ili atoe siri. Polisi wa kijeshi wakapekua barua na makabati ya watu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikataa sera hiyo Septemba 1999, na Januari 2000 zuio likaondolewa. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba zuio lenyewe ndilo lililompa mtishaji silaha, kwani asiye na cha kuficha hatishiki. Waliofukuzwa walisubiri hadi Julai 2023 ndipo Waziri Mkuu akawaomba radhi.

Hapa kwetu mahali pa kuanzia panajulikana, napo ni hospitali. Wizara ya Afya ilitoa mwaka 2014 mwongozo wa huduma za VVU kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa zaidi, wakiwemo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Ulikuwa na nembo ya Serikali. Februari 2017 Serikali hiyohiyo ikasimamisha vituo vya kijamii vilivyokuwa vikiwafikia, na wahudumiwa wakaelekezwa kwenye vituo vya umma, ambako si kila mmoja alithubutu kujieleza mbele ya muuguzi. Kwa askari ni vigumu zaidi. Daktari wa hospitali ya jeshi naye ana cheo begani, na mgonjwa anapiga saluti kabla ya kusema anachoumwa.

Waheshimiwa wa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama, sheria mnaweza msiiguse mwaka huu. Lakini mkikaa na bajeti ya ulinzi, ulizeni maswali mawili. Siri ya mgonjwa katika hospitali za jeshi inalindwa na kanuni gani iliyoandikwa? Na askari aliyevujishiwa siri hiyo analalamika kwa nani, nje ya kamanda wake? Daini majibu kwa maandishi, kisha tumeni mtu kambini akahakikishe.