Roketi ya Chupa na Maji: Mchezo wa Gharama Ndogo Usiohitaji Moto

Shule zinapofungwa, watoto wengi hugeuka mafundi. Makopo huwa magari, vipande vya waya huwa baiskeli, na siku hizi, kwa yale wanayoyaona kwenye simu za wakubwa wao, chupa tupu ya soda huwa roketi. Ubunifu huo tunaupongeza. Hata hivyo, si kila roketi inayowezekana kutengenezwa kwa vitu vya nyumbani inafaa kutengenezwa. Katika makala hii tunaeleza aina moja tunayoipendekeza, yaani ile inayosukumwa na maji na upepo wa pampu ya baiskeli, pamoja na sababu za kuzikataa zile zinazowashwa moto.

Funzo la mwaka 1957

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovyeti ulirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichoundwa na binadamu kuizunguka dunia. Nchini Marekani vijana wengi walishikwa na hamu ya kuunda roketi zao wenyewe. Walishindilia kemikali ndani ya mabomba ya chuma, na baadhi yao walipoteza vidole, macho, na hata maisha.

Njia salama ilikuwa imekwisha kupatikana. Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk katika jimbo la Nebraska, alikuwa ameunda roketi ndogo nyepesi mwaka 1954. Mhandisi G. Harry Stine akaieneza kwa kanuni rahisi: mtumiaji aunde mwili wa roketi kwa karatasi na mbao nyepesi, lakini mota yenye baruti itoke kiwandani ikiwa tayari. Kwa kuwa mota hizo si bidhaa ya kawaida katika maduka yetu, maji ndiyo mbadala ulio bora.

Namna inavyopaa

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kwamba kila kani huambatana na kani nyingine iliyo sawa nayo, ielekeayo upande wa pili. Pampu inapojaza upepo ndani ya chupa yenye maji, hewa hubanwa juu ya maji hayo. Kizibo kikichomoka, hewa huyasukuma maji kwenda chini kwa nguvu, nayo chupa husukumwa kwenda juu.

Maji yajazwe theluthi moja ya chupa. Kwa chupa ya lita 1.5, nusu lita yatosha. Yakizidi sana, nafasi ya hewa hupungua na chupa huwa nzito. Yakikosekana, hewa pekee hutoka upesi na msukumo wake huwa mdogo.

Vifaa

Chagua chupa ya plastiki ya soda, yenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako chake. Chupa hiyo imeundwa kustahimili msukumo wa gesi, tofauti na chupa nyingi za maji ya kunywa ambazo ni laini na nyembamba. Kataa chupa yenye mkwaruzo mkubwa, mkunjo mweupe, au iliyoachwa juani kwa muda mrefu. Usitumie maji ya moto, kwani plastiki hiyo hulegea.

Utahitaji pia kizibo cha mpira kilichotobolewa na kuingizwa valvu ya tyubu ya baiskeli, pampu yenye geji, mpira wa kupitisha upepo usiopungua mita 5, boksi gumu la kukatia mapezi matatu, na utepe wa gundi. Usibandike mapezi kwa supaglu wala gundi ya kuyeyushwa kwa moto, kwani huweza kuidhoofisha chupa. Ncha ya roketi iwe kitu laini, kama sponji. Misumari, waya na vijiti vilivyochongwa havifai.

Hatua za kurusha

1. Jaribu chupa kwanza. Ijaze maji hadi juu, kisha ipige upepo hadi bar 3, yaani takribani 44 kwa kipimo cha psi. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo chupa mbovu ikipasuka humwaga maji tu badala ya kulipuka kwa kishindo.
2. Tafuta uwanja wazi, mbali na barabara, nyaya za umeme na paa za vioo.
3. Jaza maji theluthi, bana kizibo kwa mkono, kisha simamisha chupa kwenye kitako cha matofali, mdomo ukitazama chini. Kizibo kisifungwe kwa waya wala kubandikwa gundi.
4. Funga kamba ndefu kwenye kizibo. Watazamaji wote wasimame nyuma ya mpiga pampu, na mpiga pampu avae miwani ya kukinga macho.
5. Hesabu kwa sauti, kisha piga upepo. Usivuke bar 3, hata kama chupa haijaondoka.
6. Chupa ikigoma, asiikaribie mtu yeyote. Vuta kamba ukiwa mbali ili kizibo kichomoke.

Tunasisitiza hatua ya sita. Chupa iliyotulia ikiwa na upepo ndani haijashindwa. Bado ina nguvu yake yote. Mtoto anayeinama kuichungulia huielekezea uso wake.

Mambo ya kukataa kabisa

Usitumie chupa ya kioo, kopo la chuma, wala bomba la plastiki ngumu. Vikipasuka hurusha vipande vinavyokata. Usiruhusu vichwa vya njiti za kiberiti, unga wa fataki zilizovunjwa, wala mchanganyiko wowote unaowaka. Mchanganyiko wa nyumbani hauna kipimo cha kuaminika na huweza kuwaka wakati unapokorogwa. Aidha, kutengeneza baruti bila leseni ni kosa kisheria, hata kama nia ni mchezo.

Ukinunua iliyo tayari

Baadhi ya maduka huuza roketi za maji zikiwa kamili. Kabla ya kulipa, hakikisha pakiti inaonyesha jina la mtengenezaji, umri unaofaa, kiwango cha juu cha upepo na maelekezo katika lugha unayoielewa. Dai risiti. Bidhaa ikipasuka ilhali maelekezo yamefuatwa, acha kuitumia, hifadhi vipande, pakiti na risiti, kisha ulete malalamiko ofisini kwetu. Vipande hivyo ndivyo ushahidi utakaotuwezesha kuchukua hatua kabla mtoto mwingine hajaumia.

Mzazi au mlezi awepo tangu mwanzo hadi mwisho, na pampu ibaki mikononi mwake.