Kaunta ya Jiwe la Kahawia: Lijue Kabla ya Kulilipia

Ndimu moja inatosha kumaliza ubishi wa dukani. Muuzaji anasema bamba hili la kahawia ni graniti, shemeji aliyekusindikiza anasema ni marumaru, na fundi anasema vyovyote vile ni jiwe, litadumu. Omba kipande kilichobaki baada ya kukata, kamulia matone machache ya ndimu, subiri robo saa, kisha futa. Pakibaki baka lililopauka, lisilo na mng'ao, hilo ni jiwe la jamii ya chokaa. Pasipobaki kitu, yaelekea ni graniti au ndugu yake wa karibu. Mengi utakayosoma katika sura hii, kuanzia namna ya kulifunga jiwe hadi sabuni ya kulioshea, yanafuata jibu la ndimu hiyo.

Graniti ni mwamba ulioyeyuka ukapoa polepole chini ya ardhi, polepole kiasi kwamba madini yake yalipata nafasi ya kukua hadi tukayaona kwa macho: kwatzi, feldispa, na vipande vidogo vya ulanga vinavyometameta. Katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatzi ina 7 na feldispa 6. Kisu cha jikoni kina kama 5.5, kwa hiyo ukikatia nyanya juu ya graniti, kitakachoumia ni kisu. Marumaru ya kweli (sizungumzii vigae vya sakafuni, ambavyo navyo tunaviita marumaru) ni chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhi. Madini yake makuu ni kalsaiti, yenye ugumu wa 3. Kisu kinaichora. Ndimu, siki na ukwaju vinaila, kwa sababu asidi ikikutana na kalsaiti huivunja na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana lile baka halitoki hata usugue mpaka jioni: hakuna uchafu ulioingia, ni uso wenyewe wa jiwe uliolika.

Rangi ya kahawia haikusaidii kuzitofautisha jamii hizi mbili. Katika mawe mengi rangi hiyo ni kazi ya chuma, chuma kilekile kinachoupa udongo wetu wekundu, na chuma hakichagui: huingia kwenye graniti na huingia kwenye chokaa. Majina ya dukani nayo hayasaidii. Kwa wafanyabiashara wa mawe, karibu kila jiwe gumu linalong'arika huitwa graniti, na kila lenye mishipa huitwa marumaru. Mwanajiolojia akipita katika ghala hilo atarekebisha nusu ya vibandiko.

Tuchukue machache unayoweza kukutana nayo. Tan Brown hutoka wilaya ya Karimnagar, jimbo la Telangana nchini India. Ni jiwe jeusi lililojaa vipande vya feldispa ya kahawia inayoelekea wekundu, na hunyonya maji kidogo sana. Baltic Brown hutoka kusini-mashariki mwa Finland. Utaitambua kwa feldispa zake za mviringo, nyingine zikizungukwa na pete ya rangi tofauti, na umri wake ni kama miaka bilioni 1.6. Kutoka katika mwamba huohuo mkubwa, upande wenye rangi nyekundu, ilichongwa nguzo ya Alexander iliyozinduliwa St Petersburg mwaka 1834. Antique Brown ya Angola inauzwa kama graniti ingawa haina kwatzi ya kutosha kuitwa hivyo. Karibu yote ni feldispa. Kwa matumizi ya jikoni hilo halina neno, ila ijaribu kwa ndimu kama mengine.

Upande wa pili kuna Emperador ya Hispania, ya rangi ya chokoleti iliyokatwakatwa na mishipa myeupe. Ni jamii ya chokaa, na kwa uzuri sijaona jiwe la kahawia linaloishinda. Tena kuna Rainforest Brown ya Bidasar, Rajasthan, yenye mishipa iliyotawanyika kama matawi. Huuzwa kama marumaru, lakini mwanajiolojia haiiti marumaru wala graniti, na mishipa yake ndiyo sehemu dhaifu: hapo ndipo hupasuka, na hapo ndipo asidi huanzia.

Watu huuliza kwa nini tununue mawe ya India wakati Mwanza imekaa juu ya mawe matupu. Swali ni la haki. Ili upate bamba la kaunta unahitaji kwanza bonge la mita za ujazo kadhaa lisilo na ufa, kisha misumeno mikubwa ya kulipasua na mashine za kuling'arisha. Yale mawe ya Mwanza tunayoyapenda yamesimama vile kwa sababu mwamba uligawanyika kwenye nyufa zake na kulika kwa mamilioni ya miaka. Uzuri wake wa kutazamwa ndio unaoyanyima soko la mabamba. Ukipata bamba lililochimbwa nchini na kukatwa vizuri, lipime kwa vipimo hivihivi, usilionee wala usilipendelee.

Ukiwa ghalani, usichague kwa kutazama kipande cha sampuli. Liombe bamba zima lisimamishwe penye mwanga wa mchana, kwa sababu jiwe la asili hubadilika kutoka pembe hadi pembe, na kahawia ya chini ya taa ya njano inaweza kuwa nyeusi tii jikoni kwako. Tazama mgongoni: ukikuta wavu wa nyuzi umegundishwa kwa gundi, bamba hilo lilihitaji kushikiliwa lisivunjike. Si lazima ulikatae, lakini ujue unachonunua na uteremshe bei. Lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, usugue. Kitambaa kikitoka na rangi, jiwe limepakwa. Mwisho dondosha maji na usubiri dakika 10 hadi 15. Pakigeuka peusi, jiwe linanyonya, na litanyonya mawese kwa hamu ileile.

Unene ni wa sentimita 2 au 3. Mita moja ya mraba ya graniti yenye sentimita 3 ina uzito wa kilo kama 81. Kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 itafika kilo 145 hivi. Makabati ya mbao zilizobanwa hayakutengenezwa kwa mzigo huo bila kuimarishwa. Jiwe hustahimili sana kukandamizwa lakini halivumilii kupindwa, kwa hiyo hupasuka pale lisipoegemea kitu: kwenye vipande vyembamba mbele na nyuma ya sinki, na kwenye ukingo unaoning'inia kwa ajili ya viti. Ukingo ukizidi sentimita 25 kwa jiwe la sentimita 3, au 15 kwa la sentimita 2, weka mabano ya chuma chini yake. Na kinu kiteremshwe sakafuni. Nimeona kaunta za bei kali zilizopasuka kwa kutwangiwa kitunguu saumu karibu na sinki.

Kuhusu ukataji siwezi kupita haraka. Vumbi la graniti lina silika, na silika ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu kwa ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba. Mawe yanayotengenezwa kiwandani kwa kwatzi na gundi yana silika nyingi zaidi, hata zaidi ya asilimia 90, na Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 2024. Kijana anayekata jiwe kavukavu kwa grinda uani kwako, leso puani, anavuta vumbi hilo siku nzima, na watoto wako wanalivuta pamoja naye. Andika kwenye makubaliano kwamba kukata kutafanyika kwa maji, na mkataji awe na barakoa ya maana. Gharama inayoongezeka ni ndogo.

Baada ya kufunga, jiwe linalonyonya hupakwa dawa ya kukinga inayoingia ndani ya vinyweleo. Irudie maji yanapoanza tena kupaacha peusi. Hakuna haja ya kufuata kalenda. Wauzaji wengi hawasemi kwamba dawa hiyo huzuia mafuta na chai kuzama, lakini haizuii ndimu kuila marumaru. Kupaka mafuta ya kupikia ili kaunta ing'ae ni mtindo wa kuachwa. Huvuta vumbi na baada ya siku chache huchacha.

Usafi wa kila siku ni maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kisha kukausha. Kukausha kuna maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima. Maji hayo yakikauka juu ya kahawia iliyoiva huacha ukungu mweupe kuzunguka bomba. Ukungu huo kwa sehemu kubwa ni chokaa, na chochote kinachouyeyusha kitayeyusha na marumaru iliyo chini yake. Kwenye graniti unaweza kuukwangua kwa wembe mpya ulioulaza. Kwenye marumaru mwite fundi. Weka mbali steeluli, unga wa kusugulia masufuria, dawa za choo, na hasa dawa za kuondoa kutu zenye asidi ya haidrofloriki, ambayo huila hata graniti na ni hatari kwa ngozi na mifupa ya anayeishika.

Mafuta yakishazama, changanya unga wa chaki na asetoni mpaka upate ujiuji mzito, paka juu ya doa, funika kwa nailoni usiku kucha, kisha uache ukauke. Chaki huyavuta mafuta juu. Fanya hivyo majiko yote yakiwa yamezimwa, kwa kuwa asetoni huwaka upesi. Kwa doa la manjano au chai, tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa badala ya asetoni, ukiijaribu kwanza pembeni pasipoonekana kwa sababu inaweza kupausha. Huenda ukarudia mara mbili tatu.

Graniti huvumilia sufuria ya moto, lakini jiko la mkaa lisiwekwe juu yake: joto likikaa mahali pamoja wakati pembeni ni baridi, jiwe hupasuka.

Kwa jiko la nyumbani linalopika kila siku kwa ndimu, ukwaju na mawese, nunua graniti ya kahawia ya sentimita 3, Tan Brown au Baltic Brown ukizipata. Emperador iweke kwenye meza ya sebuleni, au bafuni mahali ambapo dawa ya choo haitaifikia. Ukiitaka jikoni kwa vyovyote, ichukue iliyosuguliwa bila kung'arishwa, maana mabaka ya asidi huonekana kidogo zaidi juu yake, na ukubali kwamba yatakuwapo.