Lancashire Walikuwa na Mila

Kauli kwamba Wazungu hawana mila nimeisikia barazani Mombasa, na nimeisikia kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Uingereza. Husemwa kwa uhakika kabisa: wenzetu wana sheria, wana saa, wana fedha; mila ni mambo yetu sisi. Asemaye hivyo simlaumu sana. Mwingereza tuliyeletewa alikuwa bwana shauri, mmisionari au mwenye shamba, na sinema tulizoonyeshwa zilijaa majumba ya mabwana na watumishi wao. Namwomba tu atazame filamu za zamani za Lancashire, jimbo la viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kisha tuzungumze.

Ninazozipenda kuliko zote zilipigwa na Sagar Mitchell na James Kenyon wa mji wa Blackburn, mwanzoni mwa karne iliyopita. Zilisahauliwa hadi mwaka 1994, mafundi waliokuwa wakisafisha chumba cha chini cha lililokuwa duka lao walipokuta mapipa yenye mikanda zaidi ya 800. Mingi inaonyesha jambo moja: lango la kiwanda linafunguliwa, wafanyakazi wanamiminika nje. Wenye sinema za kutembeza ndio waliozigharimia, wakijua kwamba aliyepigwa picha leo atatoa senti zake aje kujitazama kwenye pazia.

Mgeni huona masizi na umaskini, akamaliza. Mimi naona watu wenye taratibu zao. Wanawake wamejitanda shali, miguuni wamevaa viatu vya soli ya mti vilivyopigiliwa chuma. Wanaume wana kofia, na aliye kichwa wazi ni wa kutafuta. Wanawake wanatoka wameshikana mikono, mashoga wa mashine za jirani. Ndani ya kiwanda makelele ya mashine yalizima kila sauti, kwa hiyo wafumaji walijizoeza kusema kwa midomo mitupu na kusomana usoni, na ufundi huo waliutumia hata mtaani walipotaka kusemezana siri. Wafumaji wa kike walilipwa kwa kipande cha nguo, kwa viwango vile vile vya wanaume, na wengi waliendelea na kazi baada ya kuolewa. Watoto wa miaka 12 nao wamo kwenye picha, nusu siku shuleni, nusu siku kiwandani. Sheria ya elimu ya mwaka 1918 iliifuta desturi hiyo, na hiyo siililii.

Ninayoililia ni wiki ya mapumziko ya mji. Mwanzoni ilikuwa mkesha na sikukuu ya kanisa la mahali. Viwanda vilipokuja, watu hawakuiacha, wakalazimisha viwanda viifuate. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya kiangazi. Bolton walipumzika, kisha mji mwingine, kisha Oldham mwishoni mwa Agosti. Ikifika, injini zinazimwa, mabomba ya moshi yanatulia, mbingu inaonekana, na mafundi wanabaki kukarabati matangi ya mvuke. Mji mzima unapanda treni kwenda Blackpool, ufukweni. Kwa miaka mingi wiki hiyo haikuwa na malipo, maana sheria ya likizo yenye mshahara ilipitishwa mwaka 1938 tu. Watu walichanga kidogo kidogo mwaka mzima katika vyama vyao vya akiba, na Blackpool walikaa jirani na jirani wale wale wa nyumbani. Ukisema hiyo si mila, niambie mila ni nini.

Sinema ya Hindle Wakes ya mwaka 1927, iliyoongozwa na Maurice Elvey, inasimama juu ya wiki hiyo. Fanny Hawthorn, binti wa kiwandani, anastarehe na mwana wa tajiri. Wazee wanataka ndoa ya kuziba aibu, yeye anakataa. Watazamaji wengi huona ni ukaidi wa msichana wa kisasa. Ajuaye Lancashire anaona mfumaji anayeshika mshahara wake mwenyewe, aliyelelewa na wanawake walioshika yao.

Tena kuna maandamano ya Pentekoste, ambayo Mitchell na Kenyon waliyapiga kwa mapenzi. Mabendera ya hariri, matarumbeta, wasichana katika magauni meupe. Manchester Waprotestanti waliandamana Jumatatu, Wakatoliki Ijumaa. Asubuhi watoto walipita nyumba kwa nyumba na nguo mpya, majirani wakawasifu na kuwatia sarafu mfukoni, kama watoto wetu siku ya Idi. Mila zao nyingine, za mpira, njiwa na supu za matumbo, nawaachia wengine wazieleze.

Filamu za baadaye zilizidi kutazama njaa. Love on the Dole, kisa cha Salford, wakaguzi wa filamu waliizuia miaka ya 1930 hadi ikatengenezwa mwaka 1941. Naiheshimu, lakini ukitazama filamu za aina hiyo peke yake utaamini kwamba watu hawa walikuwa na shida tu.

Masoko ya nguo yalihamia kwingine, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Wagujarati waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, ambao baadhi yao Kiswahili bado kinawatoka vizuri, walifika Preston, Blackburn na Bolton miaka ya 1960 na 1970, wengine wakashika zamu za usiku katika viwanda vilivyokuwa vinakata roho. Kiwanda kilipofungwa, wiki ya mji ilikosa wa kuitangaza. Kila mtu akaenda likizo yake, kwa siku zake.

Huo ndio ubishi wangu na wenzetu wa barazani. Mila haikai katika damu, hata tuseme huyu anayo na yule hana. Hukaa katika kazi inayofanywa pamoja na kalenda inayoshikwa pamoja. Lancashire walikuwa nayo yote mawili, yakawaponyoka katika kizazi kimoja au viwili. Sisi tunaojivunia mila zetu huku tukiuza mashua na kuhamia mijini tuna sababu ya kuwatazama kwa makini, na tuwapige filamu wazee wetu wakiwa bado kazini.