Biashara ya maua Nairobi: safari moja ya bure yameza faida

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, kuwapelekea wateja maua siku ile ile yanapoagizwa huonekana kuwa kazi nyepesi. Bidhaa iko karibu: Naivasha, penye mashamba makubwa, haifiki kilomita 100 kutoka jijini, na wauzaji wa City Market katika Mtaa wa Muindi Mbingu wanajulikana tangu zamani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mteja aweza kulipa bila kufika dukani, nayo bodaboda hupenya foleni inayolikwamisha gari. Hata hivyo, hesabu yake ina miiba.

Tuchukue mfano wa bei za kukadiria tu. Shada la mawaridi 10 yaliyonunuliwa kwa Sh 20 kila moja lina mtaji wa Sh 200. Karatasi na utepe ni Sh 60, bodaboda Sh 200. Likiuzwa Sh 600, muuzaji hubakiwa na Sh 140. Sasa mpokeaji asipatikane: kazini ameshatoka, simu haishiki, mlinzi wa getini anakataa kupokea mzigo. Safari ya pili ni Sh 200 nyingine, na faida imegeuka hasara ya Sh 60. Shada lililofungwa likanyauka dukani hupoteza Sh 260, karibu faida ya mashada mawili yaliyofika salama.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwuliza mteja si rangi ya waridi, bali ni namba ya simu ya mpokeaji, jengo, ghorofa, na saa anayotoka kazini. Fedha zipokewe kabla shada halijafungwa. Aidha, iwekwe saa ya mwisho ya kupokea oda za siku hiyo, na anayechelewa aambiwe kesho bila kuonewa haya.

Hatari kubwa zaidi huja Februari 14. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza maua mengi zaidi nje, na mawaridi yake husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, mengi yakipitia minada ya Uholanzi. Wapendanao wa Ulaya hununua siku ile ile na wa Nairobi, hivyo shamba halina sababu ya kumwachia mchuuzi wa mjini mashina mazuri kwa bei ya kawaida. Katika mfano wetu, waridi likipanda kutoka Sh 20 hadi Sh 40, shada la Sh 600 huleta hasara ya Sh 60 hata likifika bila tatizo. Anayeahidi mwezi Januari kwa bei ya Januari hujifunga mwenyewe.

Maua ya ziada nayo si neema. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya, mashamba ya Kenya yalitupa maua kwa tani.

Asiye na chumba cha baridi anunue kidogo kila alfajiri. Ndoo iwe safi, mashina yakatwe upya, na majani yasiguse maji. Ndizi mbivu zikae mbali, kwani hewa inayotoka humo huzeesha maua, hasa kaneshoni. Watunga vikuba wa Mombasa na Lamu hawahitaji kufundishwa haya: asumini ya leo huvaliwa usiku wa leo.

Kwa oda za miji mingine, njia ya zamani ingali inafaa. Mwaka 1910 wauzaji maua wa Marekani waliungana kupelekeana oda kwa simu ya maandishi: wa mji huu hupokea fedha, wa mji ule hufikisha maua, kisha hugawana. Muuzaji wa Nairobi na mwenzake wa Kisumu hawahitaji zaidi ya simu mbili na uaminifu.

Lakini kwa mtaji mdogo, mazishi na harusi hulisha duka kwa uhakika kuliko Wapendanao. Harusi hujulikana mapema, na arubuni hulipwa. Taji la maziko laweza kutengenezwa kwa maua ya bei nafuu kuliko waridi, mahali pa kulipeleka panajulikana, na hakuna atakayesema ametoka. Mazishi mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, hivyo ununuzi wake ni wa Alhamisi na Ijumaa alfajiri.