Moyo Hupimwa Mlimani

Fuso bovu linaweza kupita Ruaha Mbuyuni bila wasiwasi wowote. Mlima wa Kitonga ndiko linakoumbuka. Nalikumbuka hilo kila mgonjwa anaponiuliza, "Daktari, ECG yangu ilitoka safi, sasa napimwa nini tena?"

ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ulipimwa umelala, huo ndio ukweli. Mshipa wa moyo uliopungua upana kwa mafuta unaweza bado kupitisha damu inayotosha mtu aliyelala kitandani. Mpandishe huyo huyo kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, moyo udai damu zaidi, ndipo kifua kinapombana. Akisimama, maumivu yanaisha ndani ya dakika chache. Akiendelea kupanda, yanarudi. Wengi huita hali hiyo vidonda vya tumbo, wakanunua dawa dukani kwa miaka.

Kipimo cha moyo kwa mazoezi ni mlima huo huo, ila huku mtaalamu anaangalia. Kifua hupanguswa kwa spiriti, vinyweleo hunyolewa, kisha hubandikwa vipande vinavyonata vyenye nyaya, na mkono hufungwa mashine ya presha. Unapanda mashine ya kukimbilia. Utaratibu unaotumika sana ulibuniwa na daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, miaka ya 1960: dakika tatu za kwanza unatembea polepole, kilomita 2.7 kwa saa, lakini mashine imeinuliwa kwa mwinuko wa asilimia 10. Kila baada ya dakika tatu, kasi na mwinuko vinaongezwa. Njoo na raba. Wanaokuja na kandambili huwa tunawarudisha nyumbani. Usile mlo mzito saa chache kabla, acha kahawa na chai siku hiyo, na kama unatumia dawa za kupunguza mapigo, muulize daktari kwanza, usiziache kwa uamuzi wako.

Tunataka mapigo yafike angalau asilimia 85 ya kiwango kinachokadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220. Mwenye miaka 55, basi, ni mapigo kama 140 kwa dakika. Lakini si mashindano: kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au presha ikishuka badala ya kupanda, tunasimamisha. Kwenye mchoro tunatazama kipande kinachofuata mpigo. Kikizama chini ya mstari wake, huenda sehemu ya moyo inakosa damu.

Nasema huenda, maana kipimo hiki hukosea. Kinaweza kumtisha mtu mzima wa afya, hasa mwanamke, na kinaweza kumpitisha mwenye mshipa ulioanza kuziba. Ndiyo maana baadhi hupelekwa vipimo zaidi, pengine hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Halafu kuna hewa yetu. Iringa na Mbeya ziko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Mgeni akihema siku ya kwanza Mbeya, sishtuki. Mwenyeji wa Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya, aliyekuwa akipanda kilima chake kila siku na sasa anasimama mara mbili njiani, huyo nataka nimwone.

Kifua kinachobana umekaa tu, na jasho la baridi, hakisubiri mashine wala miadi. Mwenye hali hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na asitembee kwa miguu.