Gari Lipewe Gia kwa Kadiri ya Njia Yake

Petroli na dizeli yote inayotumika nchini mwetu huagizwa kutoka ng'ambo. Wazee wetu wanakumbuka jinsi kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, na tena mwaka 1979, kulivyotikisa mipango ya Taifa. Mwaka 2022 Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei. Kwa hiyo kila shauri la kupunguza matumizi ya mafuta lastahili kusikilizwa, kisha lipimwe kwa mizani ya haki.

Tulipopita Levolosi, mjini Arusha, tulikuta shauri la namna hiyo likizungumzwa miongoni mwa wenye pikapu: kubadili gia za difu. Difu ni bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Ndani yake gia ndogo huzungusha gia kubwa, nayo huzungusha magurudumu. Katika Land Rover za zamani, propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika Range Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, huzunguka mara 3.54 tu, na difu yake huweza kufungwa katika ekseli nyingi za Land Rover hizo. Kwa mwendo ule ule, mizunguko ya injini hupungua kwa robo nzima.

Hapana shaka kwamba katika barabara ya lami, mzigo ukiwa mwepesi, faida ipo. Lakini asidanganyike mtu kwamba mafuta nayo yatapungua kwa robo. Uzito wa gari ni ule ule, na upepo unaolizuia ni ule ule. Kinachookolewa ni sehemu ya nguvu iliyokuwa ikipotea ndani ya injini yenyewe.

Aidha, kila neema ina gharama yake. Nguvu ya kuvuta nayo hupungua kwa robo katika kila gia. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi tayari huipunguzia nguvu injini ya zamani. Mkulima anayepandisha mbolea kwenye miteremko ya Meru na kushusha ndizi atalazimika kutumia gia ya chini njia nzima, na klachi yake itaungua mapema. Alichookoa kwenye pipa atakilipa gereji.

Yapo na mambo mawili ambayo maofisa wenye dhamana ya magari ya umma hawana budi kuyajua. Kwanza, gari linalovuta kwa magurudumu manne libadilishwe difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma; vinginevyo ekseli zitapingana na gia zitavunjika. Pili, katika Land Rover hizo mita ya mwendo huendeshwa kutoka kwenye giaboksi. Difu ikibadilishwa, mita ikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda karibu 80. Hiyo ni hatari kwa roho za watu. Na safari ya kilomita 100 itaandikwa 75 tu katika daftari la gari, hata dereva mwaminifu aonekane mwizi wa mafuta. Mita nayo irekebishwe.

Visiwani kwetu safari ni fupi na vituo ni vingi. Gari linalosimama kila baada ya hatua chache halipati nafasi ya kufaidi difu ya mwendo mrefu. Na vilima vya Pemba, wakati wa kubeba karafuu, vinadai nguvu kama vinavyodai vya Meru. Kwetu sisi, matairi yaliyojazwa upepo sawasawa, breki zisizokwama na dereva asiyekimbiza gari bure ni akiba isiyohitaji spana.

Basi kabla ya fedha kutolewa, liulizwe swali moja: gari hili hubeba nini, na hupita wapi? Lipimwe mwezi mzima, lita kwa kilomita, ndipo uamuzi ufanywe. Kutumia bila kupima ni israfu, hata kama kusudi lake ni kuokoa.