Kikoba kikipungukiwa, gawanya kwa 9 kabla ya kumwita mtu mwizi

MWISHO wa mwaka unapokaribia, vikundi vingi vya kuweka na kukopa hujiandaa kuvunja mzunguko na kugawana. Kuanzia Kahama mkoani Shinyanga hadi Katoro na Nyarugusu mkoani Geita, ambako fedha ya dhahabu huja leo na kesho haipo, kikoba ndicho akiba ya mama lishe, muuza mitumba na mke wa mchimbaji. Humo ndimo inamotoka ada ya Januari.

Ndiyo maana daftari na sanduku vikitofautiana, urafiki wa miaka huvunjika kwa saa moja.

Chukua mfano huu. Daftari linaonyesha Sh6,430,000, sandukuni mna Sh6,160,000. Pungufu ni Sh270,000, na macho yote yanamgeukia mweka hazina. Kabla ya maneno makali, gawanya pungufu hilo kwa 9. Jibu ni 30,000 kamili, bila baki. Hiyo ni dalili kwamba huenda mwandishi aligeuza tarakimu mbili zinazofuatana.

Jibu lenyewe linaelekeza pa kutafuta. Ile 3 ni tofauti ya tarakimu zilizogeuzwa, nazo zimo katika nafasi za makumi elfu na malaki. Pekua kurasa: huenda Sh1,580,000 iliandikwa Sh1,850,000. Nane na tano zimepishana, na Sh270,000 hazikuwahi kuwapo.

Kwa nini 9? Mwambie mwanao achukue idadi ya watu wa Mkoa wa Geita katika Sensa ya 2022: 2,977,608. Ajumlishe tarakimu zake apate 39, kisha 3 na 9 apate 12, kisha 1 na 2 apate 3. Namba ile kubwa ikigawanywa kwa 9 hubaki 3 hiyohiyo. Shinyanga, yenye 2,241,299, hubaki 2.

Sasa ageuze tarakimu mbili za mwisho za Geita ziwe 2,977,680. Jumla ya tarakimu haibadiliki, hivyo baki halibadiliki. Namba mbili zenye baki moja zikitolewa, baki hufutika. Tofauti yake ni 72, yaani 9 mara 8.

Hata hivyo, 9 si hakimu. Fedha iliyochukuliwa kweli nayo inaweza kugawanyika kwa 9, kwani katika kila namba tisa zinazofuatana, moja hugawanyika. Na tofauti isipogawanyika, basi kugeuza tarakimu peke yake hakuelezi pungufu. Tafuta malipo yaliyosahaulika.

Kinga ni rahisi: kila kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na mwanachama mwingine akisome kwa sauti kabla sanduku halijafungwa. Dakika tano za kikao ni nafuu kuliko jina la mtu lililochafuliwa mtaani.